Sanduku Lenye Saruji

Fundi alikutwa kifudifudi juu ya meza yake ya kazi, shavu limegandia kwenye damu, miguu inaning'inia kama ya mtu aliyepitiwa na usingizi akisubiri chakula. Lakini hakupitiwa na usingizi. Kisogo chake kilikuwa kimebonyezwa ndani, na nywele na mfupa vilikuwa kitu kimoja.

Inspekta alisimama mlangoni kwanza, hakuingia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tano, mwili umejaa, mwendo wa kobe. Vijana wa kituoni walimwita Mama Taratibu. Yeye alijua, akawaachia. Haraka ya nini mbele ya maiti? Maiti haina safari.

"Mapigo mangapi?" alimuuliza daktari wa maiti.

"Saba. Labda manane. La kwanza lilitosha, mama. Hayo mengine ni hasira tu."

"Nyundo?"

"Nyundo ingeacha tundu la duara. Hiki kilikuwa kizito, kina kona." Daktari aliinama na kibano, akavuta kitu kidogo kutoka ndani ya jeraha. Akakiinua kwenye mwanga, akakunja uso. "Na hii sasa imefuata nini humu?"

Ilikuwa chembe ya kijivu, ndogo kama punje ya mtama.

"Si mfupa?"

"Mfupa nimeuzoea kuliko wanangu. Hii ni saruji."

Inspekta akatazama sakafu: vigae. Akatazama kuta: mbao zilizopakwa rangi. Dari: mbao. Saruji tupu haikuwapo humo hata ya kuchafulia kucha. Akaifunga chembe ile kwenye mfuko wa ushahidi, akaanza kuzunguka chumba polepole.

Kazi ya marehemu ilikuwa kuunda kompyuta za mezani kwa oda. Mteja alikuja, wakakaa pamoja, wakachagua kipande kimoja kimoja, kama mtu anayeshonewa suti: prosesa hii, mazabodi hii, ramu hii, kasha lile. Kila mteja aliandikiwa orodha, nayo orodha ikapigiliwa msumari ukutani mpaka kazi iishe. Siku hiyo ilikuwapo moja tu. Juu iliandikwa: *Mchora Katuni.* Vipande vilipangwa kwa mwandiko safi. Pale penye pawa saplai, lile sanduku la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta, jina la kwanza lilikuwa limekatwa mistari miwili, kwa nguvu hata karatasi ikachanika. Chini yake liliandikwa jina jingine.

Orodha ilikuwapo. Kompyuta yenyewe haikuwapo.

"Waligombana juzi Jumamosi, afande," alisema mama wa duka la nyaya, jirani. Alikuwa analia na kusimulia kwa pamoja, wala kimoja hakikumzuia mwenzake. "Mtaa mzima ulisikia."

"Waligombania nini?"

"Huyo Mchora Katuni alitaka kadi ya picha kubwa, ile yenye feni tatu na taa za kuwakawaka. Fundi akamwambia, 'Ukichukua hiyo, pawa saplai utaweka ya ovyo. Unamvika ng'ombe koti na tumboni hana majani.' Yule akasema pawa saplai ni sanduku tu, litiwe lolote. Fundi akakataa kata kata. Akasema bila pawa saplai ya kweli hamuundii mtu, hata awe mamake mzazi. Ndipo yule akapiga meza: 'Nitakupasua hicho kichwa chako kigumu!'"

"Akampasua?"

"Siku ile? Wapi! Walicheka baadaye, wakanywa soda moja kwa mirija miwili. Lakini neno likishatoka, afande, utalirudishaje mdomoni?"

Hapo ndipo ilipoingia sauti ya kilio kizito kutoka barabarani. Alikuwa Bosi Maboksi, kaka mkubwa wa mke wa marehemu, mwenye duka la kuuza vipande vya kompyuta mtaa wa pili. Alijipiga kifua, akaanguka magotini, akainuka.

"Shemeji yangu! Jamani, shemeji yangu!" Kisha akageukia watu waliojaa nje. "Kompyuta iko wapi? Si alikuwa anamuundia yule mchoraji? Mwenye kompyuta ndiye mwenye damu hii!"

Umati hauhitaji kuambiwa mara mbili. Mama Taratibu alipofika kwenye gari, watu walikuwa wameshakata kona.

* * *

Walimtangulia. Alipofika nyumbani kwa Mchora Katuni, kompyuta ilikuwa imetolewa nje, imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama shahidi mahakamani. Mwenyewe alikuwa chini. Mtu mmoja alimkanyaga kifundo cha mkono wa kulia, mwingine akapigilia vidole kwa jiwe, kimoja baada ya kingine, bila pupa. Wengine walifanya kazi ya mbavu. Taya lilikuwa limeshahama.

Inspekta alifyatua risasi moja hewani. Kisha akapita katikati yao kwa mwendo wake uleule, akasimama juu ya yule mtu, mguu mmoja huku, mmoja kule.

"Anayetaka kurusha jiwe aanze na mimi. Mimi mnene, hamtanikosa."

Mtu mmoja akacheka kwa bahati mbaya. Kicheko kile kiliwapunguza kasi, sajini na wenzake wakapata nafasi ya kumbeba majeruhi. Kompyuta nayo ikabebwa.

Ndani ya gari Mchora Katuni alisema kwa meno yaliyobaki: "Niliikuta mlangoni. Jana jioni. Nikajua Fundi kaniletea, kunifurahisha..."

"Hukumwona aliyeileta?"

"Hapana. Inawaka dakika tatu, inazima. Nikasema leo nimpelekee..." Akatema damu. "Mkono wangu, mama. Ule wa kuchorea."

Njia ya hospitali ilikuwa imejaa watu, wakakimbilia kituoni, penye lango moja tu. Gari liliingia, na nyuma yake umati ukaziba njia. Watu mia mbili, labda zaidi. Mbele yao alisimama Bosi Maboksi, kitambaa cheusi kichwani, sauti imekauka kwa kupiga kelele. "Mtoeni! Damu kwa damu!"

Daktari wa maiti, aliyekuwa amekuja nao, alimgusa tumbo majeruhi, akamvuta Inspekta pembeni.

"Tumbo limekaza kama ngoma. Anavuja damu ndani. Asipofikishwa kwenye upasuaji kabla ya alasiri, utakuwa na maiti mbili."

"Na nikilitoa gari sasa?"

"Sikiliza nje, halafu ujijibu."

Ilikuwa saa sita kasorobo. Mkuu wa kituo alikuwa anafuta jasho shingoni.

"Mfungulie mashtaka ya kuua," alisema. "Tuwatangazie. Watatulia."

"Hawatatulia, mkuu. Watasema basi tuwape."

"Kwani huyu si muuaji? Kompyuta imekutwa kwake."

"Kompyuta imekutwa kwake, ndiyo," alisema Inspekta. "Saruji nimeikuta kichwani mwa Fundi. Hivyo viwili bado havijasalimiana."

* * *

Umati ulipasuka mara moja tu mchana ule, kumpisha mjane. Alikuja peke yake, kanga imefungwa kiunoni, macho mekundu na makavu.

"Pole sana, mwanangu," Inspekta alimwambia.

"Nimeshapoa, mama. Nionyesheni hiyo kompyuta."

"Unaijua kazi hii?"

"Vingine alinifundisha yeye. Vingine nilimfundisha mimi, ila mbele ya wateja nilimwachia sifa."

Wakampa glavu na bisibisi. Mtaalamu wa alama za vidole alikaa kando na unga wake na brashi. Mjane aliishika bisibisi. Mikono yake ilipogusa skrubu ya kwanza ilitulia, kama mtoto aliyerudishiwa ziwa.

Akafungua ubavu wa kasha. Akatazama muda mrefu.

"Hii hakuiunda yeye."

"Umejuaje?"

"Waya. Tazama zilivyotupwa, kama utumbo wa kuku. Mume wangu alizilaza waya kama anasuka nywele za binti." Akazungusha skrubu nne, akalikamata bonge la chuma lenye feni linalokaa juu ya prosesa. "Hiki ni chuma cha kupozea. Kinakaa juu ya prosesa kinyonye joto, na katikati inapakwa dawa ya kijivu ili vigusane vizuri. Mchoraji alisema inazima baada ya dakika tatu? Basi hapa ndipo..."

Akaking'oa, akakigeuza. 

Chini ya kile chuma, kati yake na dawa, kulikuwa na ngozi nyembamba ya nailoni.

"Nini hiyo?"

"Ngozi ya kiwandani. Inabandikwa chuma kisichubuke kwenye boksi. Kabla ya kukifunga unaibandua. Mama, hiki ndicho kitu cha kwanza kabisa. Fundi akiisahau hii, ni kama mpishi ametia samaki sufuriani na gazeti lake. Prosesa inaungua joto, inajizima yenyewe."

"Mchora Katuni angeweza kuisahau?"

"Mchora Katuni hajui hata kasha linafunguliwa upande gani. Ramu alikuwa anaiita rula." Tabasamu likamjia, likafa. "Huyu aliyeunda anajua kila kipande kinakaa wapi. Kila kitu kimechomekwa penyewe. Ni mtu anayejua vitu hivi kwa majina, kwa sura, kwa boksi. Ila hajawahi kuunda."

Mtaalamu wa alama za vidole alishajongea. Akainamisha lenzi juu ya nailoni. Katika ukingo wake, pale ambapo kidole kilikuwa kimepitisha dawa ya kijivu, palikuwa na alama ya kidole gumba, kamili, mistari yote, kama muhuri wa posta.

"Endelea," alisema Inspekta taratibu.

Mjane aliitoa pawa saplai, akaipima kwa kiganja. "Nzito kweli. Lakini hii si ya kwenye orodha. Hii ndiyo ile aliyoikata." Akaitikisa. Ndani kitu kiligonga. Akafungua kifuniko.

Nusu ya sanduku ilikuwa vipande vyepesi vya umeme, waya kama uzi. Nusu nyingine ilikuwa bonge la saruji lililomwagwa na kuachwa ligande. Kona moja ya sanduku ilikuwa imebonyea, na saruji ya pale imepasuka na kumeguka. Kwenye matundu ya hewa, ambako kitambaa cha kufutia hakifiki, kulikuwa na wekundu uliokauka. Na unywele mmoja.

Mjane alijua ni wa nani. Hakupiga kelele. Aliweka bisibisi chini, akafunika uso kwa glavu zile za polisi.

Inspekta akasubiri. Nje walikuwa wanatikisa lango. Akasubiri tu.

"Sanduku hili," alisema mwishowe, "limetoka duka gani?"

"Jana mchana nilikuwa kwa mama yetu, nikalala huko huko," alisema mjane, kama hakusikia swali. "Jumapili tunakula pamoja. Kaka alichelewa. Alifika nywele zinachuruzika maji, amevaa shati la baba, lile analolitunza kabatini kwake. Mama akamtania, 'Umeoga unakwenda kuoa?' Akacheka." Akashusha mikono. "Alikula sahani mbili, mama. Alikula sahani mbili!"

* * *

Inspekta alimwita Bosi Maboksi ndani kwa heshima zote, kama ndugu wa marehemu. Akampa kiti. Akampa maji. Akamwomba alama za vidole, "kwa sababu ulikuwa unaingia pale dukani, tuziondoe zako kwenye hesabu." Bosi Maboksi akatoa vidole vyote kumi. Mtaalamu akatoka navyo.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamuuzia vipande?"

"Miaka kumi na mitano. Prosesa zote za mtaa huu zimepita mikononi mwangu."

"Na kuunda, unaunda?"

"Aa, mimi? Mimi namuuza ng'ombe, simchinji."

"Kompyuta hii uliigusa lini?"

"Sijaiona mpaka leo pale kwa yule muuaji."

"Hata kidole?"

"Hata kidole. Afande, mbona unaniuliza mimi? Mtu wenu si mnaye?"

Mlango ukafunguka kidogo. Mtaalamu akainamisha kichwa: ndiyo. Sajini akaingia na lile sanduku, akaliweka mezani. Inspekta akaweka mfuko wa ushahidi wenye ile ngozi ya nailoni.

"Unakijua hiki?"

"Nailoni."

"Ukingoni kuna kidole gumba chako. Ilikuwa chini ya chuma cha kupozea, mahali ambapo hapaguswi na mtu isipokuwa aliyeiunda. Kila fundi huibandua. Asiyeibandua ni mtu ambaye kwa miaka kumi na mitano ameviona vipande hivi vikiwa bado ndani ya boksi."

Bosi Maboksi alitazama nailoni. Akatazama sanduku. Kisha akalinyakua kwa mikono miwili na kumrushia Inspekta kichwani.

Mama Taratibu aliinama. Sajini hakuwahi. Sanduku lilimpata mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Bosi akalinyanyua tena, uso umegeuka, mate yanaruka, akapiga meza mpaka ikapasuka, akapiga ukuta, akamgeukia tena Inspekta. Yule mwanamke mnene hakurudi nyuma. Alimpiga teke gotini, mara moja, kuelekea upande ambao goti halikunjiki. Akaanguka akilia. Pingu zikaingia.

"Sasa sema," Inspekta alimwambia, akikaa. Alikuwa anahema. "Kuna mtu anakufa chumba cha pili kwa ajili yako. Sema upesi."

"Alikuwa ananionea huruma!" Bosi Maboksi alipiga kelele sakafuni. "Ndicho kilichoniuma!"

"Anza mwanzo."

Akaanza. Pawa saplai nzuri ni nzito, na mteja huipima kwa mkono. Yeye alinunua makasha matupu, akatia ndani vipande vya ovyo vya umeme, vya kuiwasha tu kompyuta, akamwaga saruji kupata uzito, akabandika stika mpya. Aliyafanya hayo uani kwake, miaka miwili. Miezi miwili nyuma kompyuta moja ililipuka kwa mshona nguo. Binti wa miaka tisa aliungua nayo chumbani. Watu wakasema Fundi hajui kazi. Fundi akaacha kula. Halafu jana Jumapili, akiwa peke yake dukani, akafungua sanduku moja alilouziwa na shemeji yake.

"Aliniita kwa simu. Nikaja. Akanionyesha saruji. Nikamwambia tusameheane, sisi ni ndugu. Akasema, 'Vaa viatu vizuri, shemeji, twende polisi. Nitakusindikiza. Hutakwenda peke yako.' Akanishika bega! Kisha akageuka kuchukua funguo mezani." Alikuwa analia kweli sasa. "Angenitukana ningeondoka zangu. Angenipiga. Kwa nini anishike bega kama mtoto? Mimi ndiye mkubwa!"

"Ukampiga."

"Nikampiga. Nikaendelea."

"Na kompyuta ukaiunda wewe."

"Sanduku lilikuwa na damu. Ningelitupa wapi, watu wasinione? Lakini mimi kupita nimebeba boksi, nani anageuza shingo? Ni kazi yangu ya kila siku. Vipande vyote vilikuwa mezani tayari. Nikasema litoke humo ndani ya kompyuta, liende kwa yule aliyemtishia. Nikaoga, nikala kwa mama. Jioni nikaipeleka."

* * *

Saa saba na robo lango lilikuwa limeanza kupinda. Inspekta alipanda kwenye ngazi ya gari la wagonjwa na kipaza sauti, akawaambia watu ukweli kwa maneno machache.  Kisha wale wale waliomwita Bosi Maboksi ndugu wakaanza kuokota mawe upya.

"Basi mtoeni yeye!"

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha gari. La pili lilimpata Inspekta begani. Ndani ya gari Mchora Katuni alikuwa ameshaanza kuwa mweupe midomoni.

Mjane alipanda kwenye ngazi ile, akamsogeza Inspekta kwa nyonga kama mtu anayeomba nafasi jikoni. Hakuchukua kipaza sauti.

"Mnanijua!" alisema. "Aliyekufa ni mume wangu. Aliyemuua ametoka tumbo moja na mimi. Kuna mwenye haki ya kurusha jiwe kabla yangu? Ajitokeze!"

Hakujitokeza mtu.

"Miaka miwili kaka yangu ameuza masanduku ya saruji. Yako wapi? Kwako wewe mama wa nyaya? Kwako wewe kinyozi? Yeye peke yake ndiye anayejua. Mkimuua leo, kesho yatawaka, na watoto watakaoungua mtanililia mimi? Nataka aishi! Nataka aseme nyumba moja moja!" Akagonga ubavu wa gari kwa kiganja.  "Na humu kuna mtu mliyemvunja vidole bure. Ondokeni njiani."

Mawe yakaanza kushuka. Si yote. Yaliyoshuka yalitosha. Lango likafunguliwa, gari likapita katikati ya watu wanaotazama viatu vyao, king'ora kikalia mpaka kikapotelea mbali. Jioni daktari wa upasuaji alipiga simu: wengu umetolewa, mtu anapumua, vidole viwili havitarudi.

Lakini mchana ule, gari lilipokwisha kupita, mjane aliingia kwenye chumba cha mahojiano. Sajini alikuwa amefungiwa mkono kwa kipande cha mbao, kalamu ameishika kwa wa kushoto. Bosi Maboksi aliinua uso.

"Dada. Niombee kwa mama."

Mjane alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakigusana.

"Nyumba ya kwanza," alisema.

"Dada..."

"Nyumba ya kwanza, kaka."

Akalamba midomo. "Zahanati ile ya karibu na soko. Niliwauzia matatu. Mawili yako mapokezi."

"Na la tatu?"

Akafumba macho.

"Chumba cha kujifungulia."

Sajini alikuwa hajamaliza kuandika. Mama Taratibu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikuwa ameshafika uani, anapiga kelele apewe gari.